Baada ya kozi kuisha: yanayomkwamisha mwanafunzi wa uzamili na uzamivu, na namna ya kuyakabili

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, nimeona ni vyema tujadili kwa kina kipindi ambacho wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu hukwama. Kipindi hicho huanza siku mtihani wa mwisho wa kozi unapokwisha na kuendelea mpaka tasnifu inapowasilishwa. Habari za kutafuta udahili na ufadhili zimeandikwa sana, na anayezihitaji hazikosi. Kinachozungumzwa kwa nadra ni hali ya mtu ambaye amekwisha kudahiliwa, amefaulu kozi zake zote kwa alama nzuri, na sasa anaamka asubuhi akiwa hana kipindi cha kuhudhuria, hana zoezi la kukabidhi, wala hana mwalimu wa kumwuliza amefika wapi.

Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Tangu darasa la kwanza mpaka shahada ya kwanza, mwanafunzi hupewa swali na kupimwa kwa ubora wa jibu lake. Katika utafiti anatakiwa aliunde swali mwenyewe, aoneshe kwamba bado halijajibiwa, achague njia ya kulijibu, kisha aitetee njia hiyo mbele ya watu wanaoijua fani kuliko yeye. Utaratibu huu una historia yake. Chuo kikuu kilichoanzishwa Berlin mwaka 1810 kwa fikra za mwanazuoni Wilhelm von Humboldt kilishikilia kwamba ufundishaji na utafiti ni kazi moja, na kutoka huko likaenea wazo kwamba mwanazuoni hupimwa kwa maarifa mapya anayoyaongeza. Nchini Marekani, shahada za kwanza za uzamivu zilitolewa na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1861. Nayataja haya ili ieleweke kwamba mwanafunzi anayehisi kuwa hajui aendako hajapungukiwa akili. Amefika mahali ambapo shahada yenyewe ilikusudia kumfikisha, isipokuwa hakuna aliyemwambia.

Kwa maoni yangu, wengi wanaokwama hukwama kwa sababu ya mambo ambayo hayakuwahi kusemwa wazi. Muda haujapangwa na mtu yeyote, matarajio ya msimamizi hayajaandikwa, mipaka ya mada haijawekwa, na kila upande unaamini kwamba upande wa pili unaelewa. Dawa yake ni kuyatoa mambo hayo kichwani na kuyaweka katika maandishi mapema, kabla hayajageuka kuwa lawama.

Nianze na muda. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda wa kazi kwa matumaini yaliyopita kiasi, hata pale anapojua kwamba kazi za namna hiyo huwa zinachelewa. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao za mwaka wa mwisho. Kwa wastani, wanafunzi hao walikadiria kwamba wangemaliza kwa siku 33.9, lakini walimaliza kwa siku 55.5. Kinachonigusa zaidi ni kwamba walipoulizwa wangechukua muda gani endapo kila kitu kingekwenda vibaya kabisa, wastani wa majibu yao ulikuwa siku 48.6. Yaani hata makadirio yao ya hali mbaya kuliko zote hayakuufikia ukweli.

Funzo ninalolipata hapo ni kwamba mpango wa utafiti usijengwe juu ya hisia ya mtu kuhusu nafsi yake. Ujengwe juu ya yaliyowapata wengine. Waulize watu watatu waliomaliza katika idara yako kwamba kibali cha maadili ya utafiti kilichukua muda gani, msimamizi hurudisha sura baada ya muda gani, na watahini walikaa na tasnifu kwa muda gani. Majibu yao ndiyo makadirio yako, hata kama unajiona kuwa mwepesi kuliko wao. Kisha angalia ni hatua zipi haziko mikononi mwako, kwa sababu hizo ndizo zinazoanzwa kwanza. Barua za kuomba ruhusa ya kuingia mahali pa kukusanyia data, maombi ya kibali, na maombi ya vifaa vya maabara hupelekwa mapema, na wakati yanasubiriwa mtu anaandika.

Kuhusu kibali chenyewe, wako wanaokiona kama urasimu. Masharti ya leo yametokana na historia nzito ya watu kufanyiwa majaribio bila ridhaa yao, na ndiyo sababu kukawa na Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na Ripoti ya Belmont ya Marekani mwaka 1979, ambayo ilisisitiza kuheshimu utu, kutenda mema na kutenda haki. Kivitendo, data iliyokusanywa kwa watu kabla kibali hakijatolewa, kwa kawaida haikubaliki katika tasnifu, na kibali hakitolewi kwa kurudi nyuma. Mwanafunzi anayeharakisha hapa hupoteza miezi badala ya kuokoa wiki.

Jambo la pili ni upana wa mada. Pendekezo la utafiti linaloahidi kueleza kila kitu kuhusu jambo fulani humfunga mwenyewe. Kipimo ninachokipendekeza ni kuandika swali lako kwa sentensi moja, kumpa mtu mwenye elimu lakini asiye wa fani yako, kisha kumwuliza ni jibu la namna gani lingemtosheleza. Akishindwa kusema, swali bado halijawa swali. Ukishaipata sentensi hiyo, iweke juu ya kila sura unayoiandika, na chochote kisichoihudumia kipeleke kwenye faili la pembeni. Kukiweka pembeni ni rahisi moyoni kuliko kukifuta, na huenda kikazaa makala baadaye.

Jambo la tatu ni sura ya mapitio ya machapisho, ambayo naiona kuwa ndiyo inayowashika watu muda mrefu kuliko zote. Kusoma ni kazi ya heshima, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujificha. Mtu anaweza kusoma mwaka mzima kwa bidii ya kweli bila kuandika ukurasa mmoja, na hakuna atakayemlaumu, wala yeye hatajilaumu, kwa kuwa kila makala inamfungulia nyingine kumi. Anayesoma aandike siku hiyo hiyo. Kwa kila makala, sentensi nne au tano zinatosha kueleza iliuliza nini, ilitumia njia gani, ilipata nini, ina udhaifu gani, na inagusa vipi swali lako. Tumia programu ya kutunza marejeo tangu siku ya kwanza. Zotero hupatikana bure, na itakuepusha na adha ya kutafuta mwaka wa chapisho na namba za kurasa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Makala mpya zinapoanza kukurudisha kwa waandishi wale wale na hoja zile zile, hiyo ni dalili kwamba umefika mahali pa kusimama.

Naomba wenye uzoefu waongezee, na wenye maswali waulize.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru sana, ndugu mleta mada. Yote uliyoyaeleza nimeyaelewa, lakini nakwama mahali pamoja. Msimamizi wangu ni mtu mwema na mwenye jina kubwa katika fani, ila hajibu. Nampelekea sura, inakaa. Nikimkumbusha, ananiambia ataisoma wikiendi. Tukikutana ana kwa ana tunazungumza vizuri na natoka nikiwa na matumaini, kisha baada ya mwezi naona kwamba kile alichokiafiki sasa hakikubali tena. Nina msimamizi wa pili pia, na maoni yake mara nyingine yanapingana na ya wa kwanza. Je, mtu afanye nini bila kuonekana mkosefu wa adabu?

Mleta mada

Ndugu yangu, swali lako ni zito na naomba nilijibu kwa urefu, kwa sababu uhusiano huu mmoja una nguvu juu ya masomo yako kuliko maktaba nzima.

Kwanza, baada ya kila kikao mwandikie msimamizi barua pepe fupi siku hiyo hiyo. Mshukuru, eleza mlichokubaliana, sema utafanya nini na mpaka lini, na utaje pia kile alichoahidi kukifanya yeye. Malizia kwa kumwomba akusahihishe kama kuna ulichokielewa vibaya. Barua hiyo haina ukosefu wa adabu hata kidogo. Profesa mwenye wanafunzi wengi husahau aliyosema kwa nani, na kumbukumbu yako iliyoandikwa inamsaidia yeye kama inavyokusaidia wewe. Akibadili msimamo baadaye, utakuwa na mahali pa kuanzia mazungumzo kwa heshima, kwamba katika kikao cha tarehe fulani tulielewana hivi, naomba nielewe ni kipi kimebadilika.

Pili, angalia namna unavyoomba maoni. Sura ya kurasa sitini iliyoambatanishwa na maneno "naomba maoni yako" inamtaka msomaji atenge siku nzima, na siku hiyo haiji. Mpelekee kurasa kumi na tano, mweleze kwamba sehemu nyingine haijakamilika, kisha umwulize maswali mawili au matatu mahususi, mfano kama hoja ya sehemu ya pili inatosha kuthibitisha uchaguzi wa mbinu. Taja pia tarehe ambayo utaendelea na hatua inayofuata. Maombi ya namna hii hujibiwa mapema zaidi kwa sababu yanajulikana mwanzo na mwisho.

Kuhusu wasimamizi wawili wanaopingana, usiwe mjumbe wa kubeba maneno ya huyu kwenda kwa yule. Andika ukurasa mmoja wenye pande zote mbili, eleza athari ya kila upande kwa utafiti wako, toa pendekezo lako pamoja na sababu, kisha uombe kikao cha pamoja. Mara nyingi tofauti yao ni ndogo kuliko ulivyodhani, na pale ambapo ni kubwa kweli, hilo ni jambo la wao kulimaliza wakiwa pamoja nawe.

Ukimya ukiendelea licha ya vikumbusho viwili vya maandishi, nenda kwa mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, na mweleze kwa lugha ya kuomba ushauri kuhusu ratiba yako, bila kushtaki. Kubadilisha msimamizi kunawezekana katika vyuo vingi, ila hufanyika kwa urahisi zaidi mwanzoni, kabla data haijakusanywa, na sababu inayopokelewa vizuri ni ile inayohusu mada na mbinu kuliko tabia.

Mchangiaji wa pili

Niongeze kwa upande wetu sisi tunaosoma huku tunafanya kazi na kulea. Ushauri unaotolewa mara nyingi, wa kutenga nusu siku ya kuandika, hautufai, kwa kuwa nusu siku hatuna. Kilichonisaidia mimi ni kuacha kungoja saa ndefu zilizo kimya na kuandika kila asubuhi kabla nyumba haijaamka, muda mfupi tu, nikianzia pale pale nilipoishia. Kila ninapofunga kompyuta naandika sentensi moja ya kujieleza nifanye nini kesho yake, ili asubuhi nisipoteze muda kujiuliza niko wapi. Kazi zisizohitaji fikra nzito, kama kupanga marejeo, kurekebisha majedwali na kusikiliza mahojiano niliyorekodi, naziwekea jioni nikiwa nimechoka.

Jambo jingine ni mazungumzo na wa nyumbani. Mwenza wangu hakuwa anapinga masomo, bali hakujua yanadai nini, na mimi sikuwa nimemweleza. Tulipokaa na kukubaliana ni siku zipi ni za tasnifu na zipi ni za familia bila kompyuta, manung'uniko yalipungua pande zote. Napenda kusema pia kwamba likizo ya masomo na kusitisha usajili kwa muda vipo katika kanuni za vyuo vingi, kwa ajili ya uzazi, ugonjwa au msiba. Wapo wanaoviogopa kana kwamba ni kushindwa, wakaendelea kujisajili na kuhesabiwa muda ambao hawakuweza kufanya kazi. Soma kanuni za chuo chako kabla hujazihitaji, hasa ukomo wa miaka ya usajili na masharti ya kuongezewa muda.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta mada, uzi wako una faida kubwa na nimeuhifadhi, lakini sikubaliani na uzito unaomtwika mwanafunzi. Ukisoma maelezo yako mtu anaweza kudhani kwamba anayekwama amekosa mpango tu. Baraza la Shule za Uzamili la Marekani lilifuatilia wanafunzi wa uzamivu katika vyuo vya Marekani na Kanada, na likaona kwamba baada ya miaka 10 waliokuwa wamemaliza ni takriban asilimia 57. Katika uhandisi walifika asilimia 64, ilhali katika fani za sanaa na lugha walikuwa asilimia 49. Hao wote walichaguliwa kwa ushindani. Haiwezekani kwamba karibu nusu ya watu waliochujwa kwa makini namna hiyo hawajui kupanga ratiba. Tofauti kati ya fani peke yake inaonesha kwamba kuna jambo katika mazingira yenyewe, ikiwemo fedha, na kama mtu anafanya utafiti akiwa katika timu ya maabara au akiwa peke yake.

Upo pia utafiti wa Katia Levecque na wenzake uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu wanafunzi wa uzamivu 3,659 huko Flanders, Ubelgiji. Waligundua kwamba asilimia 32 walikuwa katika hatari ya kupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni kali inayodumu, na kiwango hicho kilikuwa juu kuliko cha watu wenye elimu ya juu katika jamii kwa jumla. Yaliyohusiana na hatari hiyo ni mgongano kati ya kazi na familia, wingi wa kazi, kukosa sauti katika kazi yako mwenyewe, na mtindo wa uongozi wa msimamizi. Haya hayaponi kwa barua pepe ya baada ya kikao. Yanadai idara zibebe wajibu wao, kwa kuweka ukomo wa idadi ya wanafunzi kwa kila msimamizi, kuweka muda wa lazima wa kurudisha sura, na kulipa fedha za ufadhili kwa wakati.

Mleta mada

Mkuu, hoja yako naipokea kwa mikono miwili, na nashukuru kwamba umeileta na takwimu zake. Nakubali kabisa kwamba idara isiyoweka muda wa kurudisha sura inamwacha mwanafunzi akiomba kama hisani kile ambacho kilipaswa kuwa haki yake. Ninachokiongeza ni kwamba maandishi ninayoyasisitiza yana kazi hata katika mapambano hayo. Mwanafunzi anayekwenda mbele ya kamati ya masomo akiwa na tarehe za kupeleka sura na tarehe za kurudishiwa anasikilizwa kwa namna nyingine kabisa kuliko anayekwenda na uchungu peke yake. Na wanafunzi wa idara moja wakiziweka tarehe zao pamoja, lalamiko la mtu mmoja linakuwa hali ya idara.

Suala la nguvu linaonekana waziwazi katika majina ya waandishi wa makala, na hili naomba tusilipite haraka. Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Kitabibu imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi. Awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi au katika kupata, kuchambua au kufasiri data. Awe ameshiriki kuiandika au kuihakiki kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Masharti yote manne yanatakiwa kwa pamoja. Kuwa mkuu wa idara au kuwa ndiye aliyeleta fedha hakutoshi, na kwa upande mwingine, mwanafunzi aliyebeba kazi yote hapaswi kufutwa. Zungumza jambo hili mwanzoni, wakati makala bado ni wazo, kwa kuwa kabla ya kazi kufanyika hakuna anayeona kwamba ananyang'anywa.

Msikubali pia haraka ya kuchapisha iwatupe kwenye majarida ya kilaghai, yale yanayotoza ada na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache bila uhakiki wa kweli. Angalia kama unazifahamu kazi za watu waliomo katika bodi ya uhariri, kama makala zilizokwisha kuchapishwa zina ubora, na kama jarida limo katika saraka ya majarida ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bila malipo, iitwayo DOAJ, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2003. Mwaliko wa kusifia kupita kiasi unaokuja kwa barua pepe kutoka jarida usilolijua ni sababu tosha ya kusita.

Mchangiaji wa nne

Mimi nina swali la moyoni zaidi. Nimefika mwaka wa tatu wa uzamivu, na kila ninapokaa katika semina naona wenzangu wanazungumza kwa uhakika, nami najiona kama niliingia kwa bahati na siku moja nitajulikana. Siku hizi nakwepa hata kuonana na msimamizi. Silali vizuri. Nitajuaje kama hii ni hofu ya kawaida au ni jambo la kutafutiwa msaada?

Mchangiaji wa pili

Ndugu yangu, pole sana, na ahsante kwa ujasiri wa kulisema. Hisia hiyo ya kujiona kwamba hustahili mahali ulipo ilielezwa mwaka 1978 na wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes, ambao waliiona kwanza kwa wanawake waliokuwa wamefanikiwa sana katika taaluma, na baadaye ikaonekana kwa wanaume vilevile. Yaani waliokuwa wakiilalamikia ni watu ambao ushahidi wote wa nje ulionesha kwamba wanaweza. Uhakika unaousikia kwenye semina ni wa mtu anayezungumzia kile kipande kidogo anachokijua. Kaa naye pembeni umwulize kuhusu sura yake inayomsumbua, utamsikia akizungumza kama wewe.

Hata hivyo, kukosa usingizi na kuwakwepa watu ni mambo ya kupelekwa kwa mtaalamu. Kama hali imedumu zaidi ya wiki mbili, kama vitu ulivyokuwa ukivipenda havikupi tena furaha, au kama unaona maisha hayana thamani, nenda kituo cha ushauri cha chuo au kwa daktari wiki hii. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo hii na uende hospitali, usisubiri miadi. Mwaka 2018 Teresa Evans na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 2,279, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26, na wakaeleza kwamba walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara sita wa kuwa na sonona na wasiwasi ukilinganisha na watu kwa jumla. Washiriki walijitolea wenyewe kujibu, kwa hiyo takwimu hiyo isichukuliwe kama kipimo cha wanafunzi wote duniani, lakini inatosha kukuonesha kwamba hauko peke yako.

Na huyo msimamizi, usimkwepe. Mwandikie mistari mitatu, mwambie kwamba kazi imekuwia nzito na unaomba kikao kifupi cha kupanga hatua moja tu inayofuata. Kadiri mtu anavyokaa kimya ndivyo barua ya kwanza inavyozidi kuwa ngumu kuiandika.

Mchangiaji wa kwanza

Naomba nirudi na maswali mawili ya haraka. La kwanza, programu za akili unde (AI) zinaruhusiwa kiasi gani katika kuandika tasnifu? La pili, nikishatetea na nikarudishiwa orodha ndefu ya marekebisho, niishughulikieje?

Mleta mada

La kwanza linategemea kanuni za chuo chako, na kanuni hizo hubadilika, kwa hiyo ziulize na upate jibu kwa maandishi. Yapo mawili ambayo hayana ubishi. Mwaka 2023 Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, ijulikanayo kama COPE, ilitamka kwamba programu hizi haziwezi kuhesabiwa kuwa mwandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika kwa kazi. Tena, zinaweza kukuletea marejeo yanayoonekana halali kabisa ilhali hayapo duniani, kwa hiyo usiweke kamwe rejeo ambalo hujalifungua na kulisoma wewe mwenyewe. Kumbuka pia kwamba mahojiano ya washiriki wako uliowaahidi usiri hayapakiwi kwenye programu ya kampuni yoyote bila ridhaa yao na kibali kinachoruhusu hilo.

La pili linahitaji utulivu kuliko haraka. Kwanza elewa kwamba kurudishiwa marekebisho ndiyo hali ya kawaida, na wanaopita bila marekebisho yoyote ni wachache. Siku ya kutetea, mwombe mtu akuandikie maswali na maoni yote, kwa sababu aliyesimama mbele hakumbuki nusu ya aliyoambiwa. Ukipokea ripoti rasmi, chora jedwali lenye safu tatu. Katika safu ya kwanza nakili kila hoja ya mtahini kwa maneno yake mwenyewe, hoja moja kwa mstari mmoja, hata kama ni ya nukta iliyokosekana. Katika ya pili eleza ulichokifanya, na katika ya tatu taja ukurasa ambapo mabadiliko yanaonekana. Anza na hoja zinazogusa uchambuzi, kwa kuwa hizo huenda zikabadilisha hitimisho na muhtasari, na acha lugha na marejeo viwe vya mwisho.

Kuna hoja ambayo hutakubaliana nayo. Una haki ya kutoitekeleza, mradi utoe sababu ya kitaaluma na, ikiwezekana, uongeze aya katika tasnifu inayoonesha kwamba umeifikiria. Mtahini anayeona kwamba hoja yake imejibiwa kwa heshima na ushahidi kwa kawaida huridhika. Zungumza na msimamizi kabla ya kuikataa hoja yoyote kubwa. Watahini wawili wakitaka mambo yanayopingana, usichague mwenyewe kimyakimya, bali mwandikie mwenyekiti wa jopo akupe mwelekeo, na barua yake uiambatanishe na jedwali.

Hakikisha pia unajua ni nani atakayethibitisha kwamba marekebisho yamekamilika, kama ni mtahini wa ndani, msimamizi, au jopo zima, na tarehe ya mwisho ni ipi. Katika kipindi hicho hicho tunza nakala tatu za tasnifu na data, katika vyombo viwili tofauti, na moja yake iwe mbali na mahali unapoishi. Ukishawasilisha jedwali pamoja na tasnifu iliyorekebishwa, omba stakabadhi au barua pepe ya kupokelewa yenye tarehe, kwa kuwa ada ya usajili wa muhula unaofuata mara nyingi huamuliwa na tarehe hiyo.